Unga wangu haujaandikwa GMO, ina maana hauna?

Swali limeletwa na dada mmoja wa Likoni, Mombasa, anauza mahamri na viazi karai karibu na feri. Nalifupisha: asubuhi moja mteja kamuuliza kama unga wake ni wa GMO, yaani wa mmea uliobadilishwa jeni maabara, akakosa la kumjibu, akarudi nyumbani akageuzageuza pakiti ya unga, ya sukari, mtungi wa mafuta, hakuna palipoandikwa kitu. Sasa anauliza, kama haikuandikwa ndo haina? Na kwa nini serikali isilazimishe kila kitu kiandikwe, manake ana mtoto wa miaka 6 mwenye aleji ya soya na njugu na roho haimtulii.

Dada yangu, salama? Hilo jina la "daktari" ulilonipa naomba nilirudishe, mie si daktari wa sindano, mie nafanya kazi maabara ya vyakula, napima nafaka na unga, huo ndo mkate wangu wa kila siku. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ukiliona ni moja lakini ndani mna maswali matatu yamekumbatiana, na ukiyajibu kwa pamoja lazima utadanganya mahali.

Ila usingoje mpaka chini kujua nasimama wapi. Ndio, lebo iwe lazima. Wenzangu wengi kazini hawaniungi mkono kwa hilo. Lakini siitaki kwa sababu eti GMO ni sumu, na ile lebo inayopigiwa kelele, ya neno moja tu kwenye pakiti, haitamsaidia mwanao hata chembe, nitakueleza kwa nini.

Tuanze na sinia lako lenyewe. Hamri ni unga wa ngano, sukari, tui, iliki, hamira, na mafuta ya kukaangia. Ngano ya GMO ni kitu kichanga mno duniani, Argentina ndio waliotangulia kuiruhusu, mwaka 2020, na karibu ngano yote inayouzwa duniani bado ni ile ile ya zamani. Sukari yetu ni ya miwa, na hata siku ikija iliyotoka kwenye muwa wa GMO, sukari ikishachemshwa ikasafishwa ikawa punje nyeupe hamna jeni iliyobaki humo, ni sukari tupu. Nazi hakuna ya GMO. Iliki hakuna. Mafuta haya ya kupimiwa kwa kadogo, mengi ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na mpaka leo hakuna mchikichi wa GMO unaolimwa kibiashara popote. Viazi vyako nadhani ni Shangi, navyo si GMO. Kwa hiyo huyo mteja wako angekuuliza bei ya hamri ingekuwa bora zaidi, kwa sababu hamri lako halina hata mahali pa kubandika hiyo lebo.

Najua watu wanasema kuku wa gredi ni GMO, nyanya zikiwa kubwa ni GMO, tikiti lisilo na mbegu ni GMO, mtoto akirefuka haraka nae ni GMO. Hapana. Kuku wa gredi ni wa kuchaguliwa na kuzalishwa kizazi baada ya kizazi, na chakula kizuri. Tikiti lisilo na mbegu ni la kupandanisha tu, kama vile nyumbu anavyozaliwa na punda na farasi asizae. Na mahindi ya haibridi ya Kitale ambayo wazee wetu wameyala tangu 1964, ile H611 ya kwanza, mzazi wake mmoja alikuwa mahindi kutoka Ecuador na mwingine wa hapa hapa Kitale, wakapandanishwa shambani kwa mkono. Hakuna aliyegusa jeni maabara.

GMO ni pale ambapo mtu amechukua jeni maalumu, mara nyingi ya kiumbe kingine kabisa, akaiingiza kwenye mmea. Mfano unaotuhusu hapa ni mahindi ya Bt, ambamo jeni imetoka kwa bakteria wa udongoni, ikitoa protini inayompasua tumbo bungua anayetoboa mabua. Hata pamba. Kenya tuliruhusu pamba ya Bt mwisho wa 2019, wakulima wakaanza kuipanda 2020. Mahindi nayo ndo kila siku yako mahakamani.

Sasa hapa ndo pana kichekesho ambacho wengi hawakijui. Unauliza kwa nini serikali isilazimishe lebo, dada, serikali ilishalazimisha! Tuna Sheria ya Usalama wa Viumbehai ya 2009, na chini yake zikatoka kanuni za lebo mwaka 2012, zinasema chakula chenye GMO zaidi ya asilimia 1 lazima kiandikwe. Na ukivunja sheria hiyo adhabu yake si ya kuchezea, inafika faini ya milioni 20 au jela miaka 10. Halafu Novemba ya mwaka huo huo wa 2012 baraza la mawaziri likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vyote vya GMO. Yaani lebo ilizaliwa na kabla haijatambaa ikanyimwa kazi, itaandika nini na vitu vyenyewe haviruhusiwi kuingia?

Marufuku ile ilitokana na utafiti mmoja wa Ufaransa wa Séralini, ulitoka Septemba 2012 na picha za panya wenye mavimbe makubwa kama ndimu, ukiziona huli wiki. Panya 200, wamegawanywa vikundi vya kumi kumi, na aina ya panya waliotumiwa ni wale ambao hata ukiwalisha chochote wakizeeka huota mavimbe. Novemba 2013 jarida lililouchapisha likaufuta. Mwaka uliofuata ukachapishwa tena kwingine, lakini takwimu ni zile zile na tatizo ni lile lile. Sisi marufuku ikabaki miaka kumi. Oktoba 2022 serikali ya Ruto ikaiondoa, watu wakakimbilia mahakamani, kesi zikatupwa moja 2023 na nyingine 2024, wakakata rufaa, Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena mambo mpaka rufaa isikizwe. Ndo maana nikikuambia unga wa ugali ulioko dukani kwa kawaida si wa GMO sikubahatishi, Kenya yenyewe mahindi ya Bt hayajafika kwa wakulima, na yanayovuka mpaka kutoka Tanzania na Uganda yanatoka nchi ambazo hazijaruhusu kuyalima kibiashara. Uganda bunge lilipitisha mswada mara mbili na mara mbili Museveni akakataa kutia sahihi. Tanzania walikuwa wakiyajaribu pale Makutupora Dodoma, serikali ikasimamisha majaribio.

Lakini wewe hukuniuliza "kwa kawaida", umeniuliza pakiti isiyoandikwa ina maana gani. Kisheria ina maana haijazidi asilimia 1. Kiukweli ina maana aliyeifunga hakuandika, basi. Kati ya hayo mawili kuna bahari.

Nikuoneshe. Chukua gunia moja la mahindi la kilo 90. Punje moja ina uzito kama theluthi ya gramu, kwa hiyo gunia lina punje kama 270,000. Asilimia 1 yake ni punje 2,700. Mie nikija kupima sichukui gunia zima, nachukua bambo, ule mkuki wa bati wenye mfereji, nauchoma gunia juu, katikati, chini, punje zinateremka kwenye mfuko. Hesabu inasema nikipata punje 300 za kuchanganyika vizuri, na kweli gunia lina asilimia 1, basi mara 95 kati ya 100 nitaangukia angalau punje moja ya GMO. Uzuri. Tatizo ni hilo neno "za kuchanganyika vizuri". Mfanyabiashara aliyejaza debe mbili za shamba moja chini na nyingine za shamba jingine juu hakuchanganya kitu, na bambo likichomwa juu tu kwa uvivu, nitakupa karatasi safi yenye muhuri na ya uongo.

Hizo punje nazisaga, natia maji, natikisa, nachovya kikaratasi chembamba, nangoja dakika kama 5. Mstari mmoja, hamna. Miwili, ipo. Ni kama kile kipimo cha malaria cha kudungwa kidole, hata mtoto wa sekondari anaweza kukisoma. Kikaratasi kile kinatafuta protini ya Bt. Sasa ukinikaangia hayo mahindi, au ukayachemsha yakawa ugali, protini imeshavurugika na kikaratasi kinapofuka, hapo nahitaji ile mashine ya kunakili DNA, nayo tunaitafutia kipande kimoja kinachotumika kama swichi ya kuwashia jeni, kimetolewa kwenye virusi vinavyoshambulia koliflawa. Na hapo napo pana mtego, kabichi au sukuma yenye virusi hivyo vya asili ikiingia kwenye sampuli, mashine inapiga kelele GMO GMO na hamna GMO. Na ukiniletea mafuta ya soya yaliyosafishwa vizuri kiwandani, au sukari, kwa kawaida sioni kitu, siwezi kukwambia kama imetoka kwa mmea wa GMO au la, na hata wenzangu wa Ulaya na Marekani mara nyingi huwashinda.

Kwa hiyo lebo haitoki maabara. Watu wanafikiri kuna mtu kama mie amekaa mlangoni anapima kila pakiti. Lebo inatoka kwenye daftari: nani kalima, mbegu gani, kamuuzia nani, lori gani, ghala gani, kinu gani. Kuna mwenye kinu mmoja aliwahi kuniletea sampuli, anataka cheti cha kuwa unga wake hauna GMO apate kuuza nje. Nikapima, safi. Nikamuuliza, mahindi umenunua kwa nani? Akatoa simu, kawasevu watu watatu, "Lori Buluu", "Lori Kijani", na wa tatu "Yule wa Jumatano". Jina hana, mahali hapajui, risiti ndo usiseme. Nikampa cheti cha magunia aliyoleta na nikaandika kabisa kuwa ni ya magunia hayo tu, akanuna, akaniambia mie mgumu. Lakini gunia la Jumatano ijayo mie nitalidhamini vipi?

Usifikiri ni sisi tu. Mwaka 2000 Marekani kulikuwa na mahindi yaliyoitwa StarLink, ya GMO, yaliruhusiwa kuliwa na mifugo tu kwa sababu protini yake ilikuwa inachelewa kumeng'enywa wakahofia aleji. Septemba yakakutwa kwenye maganda ya taco madukani, zikarudishwa bidhaa zaidi ya 300. Nchi yenye maghala ya kompyuta, na mahindi ya ng'ombe yakaingia sahani za watu. Baadae wataalamu wao wa afya walipima damu za watu waliodai kudhurika hawakukuta ushahidi kwamba ni hayo mahindi, lakini mie hapo silii na aleji, nalia na lile la kwamba walishindwa kutenganisha.

Haya, sasa uone nchi zinavyocheza na hii lebo. Ulaya tangu 2004 kikomo chao ni asilimia 0.9, na wanataka hata mafuta yasiyo na jeni yoyote yaandikwe kama yametoka kwa soya ya GMO, wanategemea karatasi si maabara. Lakini ng'ombe akila hiyo soya miaka yake yote, maziwa yake hayaandikwi. Marekani Obama alitia sahihi sheria ya lebo Julai 2016, ikawa lazima kuanzia Januari 2022, kikomo asilimia 5, mafuta na sukari visivyoonesha jeni vikasamehewa, mikahawa ikasamehewa, na kampuni ikaruhusiwa kuweka alama ya kuskani na simu badala ya maneno. Hebu mwambie bibi sokoni askani. Afrika Kusini, ambako mahindi mengi wanayokula ni ya GMO, nao ni 5.

0.9, 1, 5. Unajua hizo nambari zinatoka wapi? Hazikutoka kwa daktari yeyote. Ni za wafanyabiashara na wanasiasa, ni kiasi ambacho mtu anaweza kuchanganya kwa bahati mbaya bila kufilisika. Kwa sababu ingekuwa sumu, dada, ungekubali asilimia 1 ya sumu? Ukimwona mtu anasimama jukwaani anasema GMO inaua na papo hapo anadai lebo, muulize, kitu kinachoua kinaandikwa lebo au kinatolewa dukani? Wanasayansi wa akademia ya Marekani walikaa wakapitia mamia ya tafiti, ripoti ikatoka 2016, hawakukuta kwamba hivi vilivyoko sokoni vina hatari kuliko vya kawaida. Mie naikubali hiyo.

Basi kama si hatari kwa nini naitaka lebo? Hapo ndo wenzangu wananishangaa. Wao wanasema, ukiandika utawatisha watu, lebo ni onyo, watu wataona fuvu la kichwa. Na hoja yao si ya kipuuzi, Ulaya ndivyo ilivyokuwa, maduka yakaogopa, yakaondoa bidhaa zote zenye kuhitaji lebo, kwa hiyo mteja hakupata kuchagua, alichaguliwa. Ila kabla ya hapo, Uingereza 1996, kulikuwa na nyanya ya kopo ya GMO pale Sainsbury's na Safeway, imeandikwa waziwazi, bei rahisi kuliko nyingine, na watu waliinunua vizuri tu kwa miaka, mpaka kelele za 1999 zikaiondoa. Na Vermont, jimbo dogo la Marekani, walianza lebo ya lazima Julai 2016, ikadumu wiki chache tu kabla ya sheria ya nchi nzima kuifuta, watafiti wakalinganisha maoni ya watu wa pale na ya majimbo mengine, wakakuta Vermont upinzani dhidi ya GMO ulishuka kwa asilimia 19. Ulishuka, haukupanda. Mtu akiona hakuna anachofichwa moyo unatulia, ni kawaida ya binadamu, mume akiacha simu mezani bila kuifunga nani anaipekua?

Wahenga walishasema mficha uchi hazai. Hizi kampuni za mbegu zilitumia mamilioni ya dola kupinga lebo kwenye kura za California 2012, Washington 2013, Oregon 2014, Oregon wakashinda kwa kura 837 tu, na kila kura waliyoshinda ikawafanya waonekane wezi. Wangeandika tangu mwanzo leo tungekuwa tunabishana mambo ya maana.

Na sisi hapa tuna katiba, kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kitu anachonunua. Hakisemi apate habari kama ana akili ya kuzielewa, au kama hatatishika. Apate. Basi.

Lakini kuna jambo jingine ambalo kwa watu wa pwani mie naliona ndo kubwa kuliko yote na silisikii likisemwa. Kuna kampuni inaitwa Moolec imetengeneza soya yenye jeni ya nguruwe, ndani ya punje mna protini ya nyama ya nguruwe, ukiipasua ina rangi ya waridi kama nyama. Mwaka 2024 idara ya kilimo ya Marekani ikasema mmea huo hauna haja ya kudhibitiwa zaidi shambani kuliko soya nyingine. Sisemi iko Marikiti, haiko. Lakini hebu nambie, siku ikisagwa ikatiwa kwenye soseji au supu ya pakiti, ikaandikwa "ina GMO", Muislamu wa Likoni amejua nini? Hajajua kitu. Hilo neno limeweka pamoja mahindi yenye jeni ya bakteria wa udongoni, papai la Hawaii lililokingwa na virusi vya mapapai, na soya yenye nguruwe. Mashehe watatoa fatwa juu ya kipi? Mie nataka lebo iseme: mahindi, yamewekewa jeni ya bakteria, ya kuzuia bungua. Au: soya, ina jeni ya nguruwe. Mstari mmoja wa Kiswahili, herufi za kusomeka, si ndogo kama sisimizi.

Na hapo ndo tunafika kwa mwanao. Mtoto mwenye aleji ya soya, soya ni soya, iwe ya GMO, iwe ya shamba la babu, itamdhuru vilevile, protini zinazomsumbua ziko kwenye zote. Lebo ya GMO haikwambii kama mna soya. Penye lebo ya jeni ingeweza kusaidia ni pale jeni ya kitu chenye aleji inapohamishwa, na hilo lilishawahi kukaribia kutokea. Miaka ya 90 kampuni ya Pioneer ilichukua jeni ya njugu za Brazil wakaitia kwenye soya ili iwe na lishe zaidi kwa mifugo, wakapima kwa damu ya watu wenye aleji ya njugu hizo, damu ikagutuka. Utafiti ukachapishwa 1996, mradi ukazikwa, haikuuzwa hata punje. Watu wa kupinga GMO wanaitumia hadithi hii kutisha, watu wa GMO wanaitumia kuonesha kuwa vipimo vinafanya kazi, mie naiona inasema yote mawili, na inasema jingine, kwamba jina la kiumbe alikotoka jeni ndo habari yenyewe.

Sasa pale posho mill. Hata lebo hii nzuri ninayoiota, itafika wapi? Nusu ya watu wa mtaani kwako hawanunui unga wa pakiti, wananunua gorogoro la mahindi sokoni wanapeleka kusagisha, na mwenye mashine anasaga la huyu juu ya mabaki ya yule. Gorogoro halina lebo na halitakuwa nayo. Kwa hiyo mie siku mahindi ya Bt yakiruhusiwa ningeanzia kwenye gunia, si kwenye pakiti: gunia liandikwe shambani, mnunuzi awe na daftari, soko kuu liwe na kibao tu kama vile wanavyoandika "mahindi ya Taveta" na "mahindi ya Tanzania". Rahisi, hata kwa chaki. Wanaoshinda Nairobi wakibishana ukubwa wa herufi kwenye pakiti ya supamaketi wamesahau kwamba walaji wengi hawafiki supamaketi.

Na nisipolisema hili nitakuwa mnafiki, kwa sababu mie ndo napima hayo mahindi na najua kinachonikosesha usingizi. Ni ukungu. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyoingia sumukuvu, hii tunayoiita afla, wakafa 125. Dodoma na Manyara 2016 wakafa 20. Mahindi hayo yote hayakuwa ya GMO, yalikuwa ya asili, ya kienyeji, ya shamba la nyumbani, yamehifadhiwa na unyevu. Sijawahi kuona mteja akiuliza muuza unga "una afla?" Anauliza GMO kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye simu. Ukinunua mahindi ya kusagisha, yamwage kwenye ungo, chambua yenye rangi ya kijani au manjano ya ajabu, yaliyonyauka, yaliyovunjika, na usimpe kuku hayo uliyochambua, yatarudi kwako kwenye yai.

Mteja wako akirudi mwambie unga wa ngano kwa kawaida si wa GMO, mafuta mengi ni ya mawese, na kama hataki kuamini anunue kwingine, foleni ya feri haiishi watu.

Kwa mtoto, acha kutafuta neno GMO, geuza pakiti usome orodha ya viungo, tafuta soya kwa majina yake yote. Lesithini ya soya iko kwenye chokoleti na biskuti nyingi, na ingawa watoto wengi wenye aleji ya soya huivumilia, muulize daktari wake wa kweli, si mie. Soseji na nyama za kopo, angalia protini ya soya. Na mkate wa kukatwa wa dukani, huo ndo watu hawaufikirii, viwanda vingi hutia unga wa soya kidogo kwenye mkate ili uwe mweupe na ubaki laini. Ukikuta pakiti ya mkate haina orodha ya viungo kabisa, usimpe, mpe hamri lako.